Ukiamka Saa Nane Usiku

Ninyi ambao usiku wa jana mliamka saa nane, na hamkupata usingizi tena mpaka jogoo akawika, mazungumzo yetu ya leo ni yenu.

Saa hiyo twaijua. Nyumba imetulia, mbwa wa jirani amechoka kubweka, na mtu aliyelala vizuri tangu saa nne anafumbua macho ghafula kana kwamba ameitwa. Hakuna aliyemwita. Lakini mara karo ya muhula ujao inaingia na kuketi kando ya kitanda. Nyuma yake linakuja deni la dukani, kisha lile neno alilolisema shemeji siku ya matanga. Ikifika saa tisa mtu huyo amepiga hesabu zake zote mara tatu, na mara zote hesabu imekataa. Ikifika saa kumi anahesabu dakika zilizobaki kabla ya matatu ya kwanza kupita.

Sisi wachungaji tunaulizwa sana juu ya jambo hili, na kwa kawaida swali linakuja limevaa nguo za kanisani. Mtu hasemi, "Mchungaji, silali." Husema, "Mchungaji, niliota ndoto, ikaniamsha. Je, Mungu anasema nini?" Na mara nyingi tumeona kwamba swali hilo lenyewe ndilo linalomzuia asilale. Kwa hiyo leo twataka kusema neno ambalo labda halijasemwa sana kanisani: ndoto iliyokuamsha yaweza pia kuwa njia ya kukurudisha usingizini, ukiitumia kwa upole.

Kwanza, tusiogope kuamka. Mtaalamu mmoja wa historia huko Marekani, Roger Ekirch, alikusanya maandishi ya kale ya Ulaya, kesi za mahakama, barua na vitabu vya waganga, na mwaka 2005 akatoa kitabu juu ya usiku wa zamani. Aliona kwamba kabla ya taa za siku hizi watu wengi walilala kwa vipande viwili. Walikuwa na usingizi wa kwanza, wakaamka kwa muda katikati ya usiku, kisha wakalala usingizi wa pili. Katika muda ule wengine waliomba, wengine walizungumza na wake zao, wengine walilala kimya wakizitafakari ndoto zao. Daktari mwingine wa Marekani, Thomas Wehr, alichukua watu wa leo akawaweka gizani saa 14 kila siku kwa majuma manne. Alitoa habari zake mwaka 1992. Usingizi wao uligawanyika vipande viwili vivyo hivyo, na mara nyingi waliamka wakitoka katika ndoto. Basi ndugu, ukiamka saa nane usiku usidhani kwamba mwili wako umeharibika, wala usidhani upesi kwamba umerogwa. Yawezekana kabisa kwamba umeamka kama babu zetu walivyoamka.

Tena tujue jambo moja juu ya namna usingizi unavyokwenda. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman waliandika kwamba kuna vipindi vya usiku ambapo macho ya mtu aliyelala huenda mbio huku na huku chini ya kope. Waliwaamsha watu katika vipindi hivyo mara 27, na mara 20 watu wakasimulia ndoto waziwazi. Walipowaamsha wakati macho yametulia, mara nyingi hawakukumbuka kitu. Tangu hapo imejulikana kwamba usiku wetu huenda kwa mizunguko, kila mzunguko kama saa moja na nusu hivi, na kwamba vipindi vya ndoto huwa virefu zaidi kadiri asubuhi inavyokaribia. Ndiyo sababu saa nne ya usiku mtu hulala kama gogo, lakini saa kumi yumo katika shughuli nyingi sana: anasafiri, anafanya mtihani wa darasa la saba, anazungumza na marehemu mjomba wake.

Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba mtu anayeamka na kipande cha ndoto mkononi hajaenda mbali na usingizi. Ametoka tu hadi kizingitini. Mlango haujafungwa nyuma yake. Anaufunga yeye mwenyewe, kwa kuwasha taa, au kunyosha mkono kutafuta simu aone ni saa ngapi, au kuanza kupiga hesabu za karo.

Twakumbuka habari za mfalme Ahasuero katika kitabu cha Esta, sura ya 6. Usiku mmoja usingizi ulimpaa. Akafanya nini? Akaagiza aletewe kitabu cha kumbukumbu za serikali, kisomwe mbele yake! Twajua kwamba Mungu aliutumia usiku ule kumwokoa Mordekai, na twamshukuru. Lakini kama dawa ya usingizi hatuwezi kuisifu hata kidogo. Mfalme alikaa macho akisikiliza mambo ya ofisi. Siku hizi kitabu cha kumbukumbu za ufalme kiko chini ya mto wetu wa kulalia, nacho kinang'aa. Ukikifungua saa nane usiku ili utazame saa tu, utakuta ujumbe wa mtu anayekudai, na hapo usiku umekwisha.

Basi tufanye nini? Unapoamka, usigeuke. Usifumbue macho, au kama yamefumbuka, yafumbe tena. Ndoto ni kama umande. Ukisogea tu imekauka. Lala vile vile ulivyokuwa umelala, na mkono ule ule chini ya shavu. Kisha ujiulize swali moja dogo: nilikuwa wapi?

Tafadhalini, liangalieni swali hilo. Hatusemi ujiulize ndoto ina maana gani. Swali la maana huita akili kazini, nayo akili ikishaingia kazini saa nane usiku haitoki mpaka asubuhi. "Nilikuwa wapi?" ni swali la macho. Labda utaona ukuta wa udongo. Labda ni barabara yenye vumbi jekundu, au harufu ya moshi, au mgongo wa mtu aliyevaa koti la kijivu. Kipande kimoja chatosha. Kishike kwa wepesi, kama mtu ashikavyo yai. Ukishakiona, kitazame: ukuta ule una dirisha? Jua liko upande gani? Kabla ya kufika hapo ulitoka wapi? Wengi huona kwamba ndoto hukumbukwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama mtu anayefuata nyayo zake mwenyewe akirudi nyumbani. Picha ya mwisho inavuta ile iliyoitangulia.

Wala usijaribu kuiendesha ndoto. Usiitengeneze iwe hadithi nzuri ya kusimulia kesho. Kaa pale tu, utazame. Baada ya muda kitu kitabadilika chenyewe: ukuta utakuwa mto, yule mwenye koti atageuka awe mwalimu wako wa zamani, nawe hutashangaa. Usipokwisha kushangaa, ndugu yetu, ujue kwamba umeshaanza kulala.

Na kama hukumbuki ndoto hata moja? Hapo chukua mahali pengine popote unapopajua vizuri. Watu wengi wana mahali ambapo ndoto zao hurudi mara kwa mara, nyumba ya bibi, shule ya zamani, kisima fulani. Nenda huko. Hata kama si ndoto ya leo, njia ni ile ile.

Mtu atasema, haya ni mambo ya kubahatisha. Hapana. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Allison Harvey na Suzanna Payne, waliandika juu ya watu 41 wenye taabu ya kukosa usingizi. Wengine waliambiwa wajaze mawazo yao kwa picha ya mahali pazuri na pa utulivu, wakitazama kila kitu kilichopo. Wengine waliambiwa wajiondoe katika mahangaiko yao kwa namna yoyote wapendayo. Wengine hawakuambiwa lolote. Wale waliopewa picha walisema kwamba walilala upesi zaidi kuliko wale wasioambiwa kitu, na mahangaiko yao hayakuwasumbua sana. Ni kweli kwamba hawakuambiwa wakumbuke ndoto. Lakini ndoto ni picha ambayo imekwisha kuchorwa tayari, tena imechorwa na wewe mwenyewe dakika moja iliyopita, na rangi yake bado mbichi. Moyo uliojaa picha hauna nafasi kubwa ya hesabu za karo. Kumwambia mtu "usifikiri" ni kazi bure. Mpe kitu cha kutazama.

Sasa tuseme juu ya lile jambo zito zaidi, maana hapa ndipo watu wetu wanapoumia.

Katika parishi moja huko vilima vya Taita tulimjua mama mmoja mjane. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama huyu alianza kuota ndoto moja tena na tena: mumewe yuko ng'ambo ya mto. Akamweleza jirani, jirani akampeleka kwa mtu mmoja aliyejiita nabii. Yule hakumwuliza mengi. Alimwambia kwamba marehemu anamwita avuke, na kwamba mwito huo lazima ukatwe kabla mwaka haujaisha. Shilingi elfu tatu za kwanza alizitoa kwenye mauzo ya kabichi. Mara ya pili aliuza mbuzi. Na usingizi je? Usingizi ulikuwa umekwisha kabisa. Aliogopa kulala asije akaitwa, na alipoamka usiku aliketi kitandani taa ikiwaka hadi alfajiri. Mwili wake ulianza kukonda, na watoto wakasema, "Tazameni, nabii alisema kweli, mama anakwenda."

Alipokuja kwetu hatukumhubiria. Tulimwuliza hivi: "Mama, hebu tuambie, huko mtoni baba alikuwa akifanya nini?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Alikuwa akiosha miguu, Mchungaji. Alikunja suruali mpaka hapa. Alikuwa ametoka shambani."

"Alikuita?"

Alifikiri tena, muda mrefu. "Hapana. Aliinua kichwa tu. Halafu akaendelea kuosha miguu."

Wapendwa, kwa miezi mitano watu wote walikuwa wamemwambia mama yule maana ya ndoto yake, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza aliona nini. Mume ametoka shambani anaosha miguu! Miaka zaidi ya thelathini alikuwa amemwona akifanya hivyo kila jioni. Hatukumpa tafsiri nyingine badala ya ile ya kwanza, kwa maana hatukutumwa kufanya hivyo. Tulimwambia tu kwamba akiamka tena usiku, asiwashe taa. Arudi pale mtoni, atazame maji yanavyokwenda, asikilize, amwache baba aoshe miguu yake. Baadaye alituambia kwamba usiku mwingi usingizi humchukua kabla mumewe hajamaliza mguu wa pili. Usiku mwingine haumchukui, naye hulia kidogo. Hilo nalo ni haki yake.

Lakini mtu wa imani atauliza, na ni swali jema: Je, si Mungu aliyesema na watu kwa ndoto? Yakobo huko Betheli, Yusufu na baadaye Farao huko Misri, Yusufu mume wa Mariamu? Tukirudi kulala, hatutakuwa tumemkimbia Mungu kama Yona?

Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 3. Mtoto Samweli amelala hekaluni huko Shilo. Anasikia sauti, anamkimbilia mzee Eli. Eli anamwambia nini? Anamwagiza arudi akalale. Mara ya pili ni vivyo hivyo. Mara ya tatu Eli anatambua kwamba ni Bwana anayeita, na hapo tungetazamia amwambie Samweli akeshe, asimame, afunge, awashe taa zote za hekalu. Sivyo. Hata mara hiyo ya tatu agizo ni lile lile: akalale, na akiitwa tena aitike. Mtoto akarudi kitandani pake. Tafakarini jambo hilo. Bwana alimkuta amelala mahali pake pa kila siku, wala hakukosa kumwamsha. Hatuna budi kumwamini Mungu kwamba akiwa na neno la kutuambia, anajua tunapolala.

Na Yusufu, mume wa Mariamu, aliamka akijua la kufanya. Hakwenda kutafuta mtu wa kumlipa. Aliyehangaika ni Nebukadneza. Soma Danieli sura ya 2. Ndoto ilimfadhaisha, usingizi ukamtoka, akawaita waganga na wanajimu, akataka kuwaua wote. Danieli naye alipoambiwa habari hiyo aliomba pamoja na wenzake, na siri ikafunuliwa kwake usiku. Wala hatusomi kwamba alidai ada kwanza. Mhubiri naye, katika sura ya 5, anatufundisha kwamba ndoto nyingi hutokana na wingi wa shughuli. Huyo alikuwa mtu mwenye akili. Ndoto nyingi ni shughuli za mchana zilizovua viatu.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila ndoto ni ya kurudiwa. Kuna ndoto mbaya. Kuna watu walioona nyumba zao zikiteketezwa mwaka 2008, kuna waliopata ajali, kuna walioteswa, na ndoto zao huwarudisha pale pale. Mtu wa namna hiyo tusimwambie arudi akatazame! Kwake iko njia nyingine. Daktari Barry Krakow na wenzake huko Marekani waliwafundisha wanawake waliokuwa wametendewa ukatili kwamba, mchana wakiwa macho, wachague ndoto moja mbaya, waibadilishe jinsi wapendavyo, kisha waipitie ile ndoto mpya moyoni kwa dakika chache kila siku. Waliandika mwaka 2001 kwamba ndoto mbaya zilipungua na usingizi ukawa bora. Angalieni kwamba kazi hiyo hufanywa mchana, tena ni vizuri kuanza na ndoto isiyo mbaya kupita zote, na kuwa na mshauri karibu.

Na tena, kabla ya kumtafuta mwombeaji, tazama dawa unazokunywa. Efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilitumiwa sana hapa Kenya kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake, inajulikana kwa kuleta ndoto kali mno. Meflokwini ya kuzuia malaria ni vivyo hivyo. Mtu aweza kusema anafuatwa na mapepo, kumbe ni kidonge cha jioni. Usiache dawa, mweleze daktari. Mweleze pia kama hulali vizuri siku tatu au zaidi kila juma kwa miezi mitatu, au kama mwenzako anasema unakoroma na kukatikiwa na pumzi. Hayo hayatibiwi kwa kukumbuka mto.

Jambo la mwisho ni dogo. Ukikaa na picha yako kwa muda ambao waona ni kama dakika 20, bila kutazama saa, na usingizi haukuja, usipigane. Inuka, keti mahali pengine penye mwanga hafifu, sema sala zako polepole, umtaje mwuguzi aliye zamuni na askari wa usiku aliye langoni, ambao wangependa sana kuwa na kitanda chako. Ukisikia kope zinakuwa nzito, rudi, ujilaze kwa ubavu ule ule, na utafute tena ule ukuta wenye dirisha.

Sasa imekaribia saa nne. Simu iache mezani, chumba kingine. Mkimaliza kusikiliza, zimeni redio. Usiku mwema.